Msimu wa Bi Bela

Barka, Oman
20 Juni 2022

Dada Hajira,

Shikamoo. Mimi mdogo wako Mahmudu ni mzima, ila joto la huku mwezi huu linachemsha maji ndani ya bomba. Nimesikia Shamila wangu alipanda huko Makote kukusalimia na ukampikia ming'oko ya kuchimba porini. Ahsante sana. Mwambie asome kwa bidii. Baba yake hajafagia mavi ya farasi wa watu miaka tisa ili yeye akacheze.

Naandika barua kwa sababu wewe ukipigiwa simu unajibu "ndiyo, ndiyo", halafu unafanya lako. Maneno ya karatasi hayakataliki. Naituma na kijana wa Mtwara anayekuja likizo, ataiacha kwa Mjomba Kurwa pale Mkomaindo, Masasi.

Sasa habari ya farasi. Najua ameshafika na ameshakula ua la jirani. Nimemnunua kwa Mzungu mmoja wa Mufindi aliyekuwa anafunga shamba lake, na nimechagua akae kwako juu, si Masasi, kwa sababu huko juu mbung'o ni wachache. Mbung'o na farasi hawakai nyumba moja. Masharti yetu ni haya, na Mjomba ndiye shahidi: farasi ni wangu. Mtoto wake wa kwanza ni wako, kwa jasho lako la kumlea. Wa pili ni wangu. Tangu Sadallah akuache na urudi nyumbani hujawahi kuwa na kitu chako mwenyewe, na mimi nataka uwe nacho.

Dume tunalo. Jafari wa Masasi, yule anayekodisha farasi wa harusi, amekubali kulitoa. Lakini usimpeleke jike sasa. Subiri msimu. Msimu ukianza, mpeleke mara moja, usichelewe hata wiki.

Wasalimie wote.
Mdogo wako,
Mahmudu

*

Makote, Newala
28 Novemba 2022

Baba Shamila,

Marahaba. Sisi huku hatujambo, isipokuwa Mjomba Kurwa mguu wake wa kushoto umevimba tena na hataki kuambiwa apunguze chumvi. Korosho mwaka huu zimechanua vizuri lakini ubwiriunga ulizipiga, salfa ilichelewa kufika kama kawaida. Shamila ameshika nafasi ya nne darasani. Ametaka viatu, nimemwambia akuandikie mwenyewe.

Farasi wako mzima. Kwa Mzungu alikuwa anaitwa Bela, basi watu wa hapa wameongeza heshima, wanamwita Bi Bela. Wengine wanamwita punda mrefu. Na mimi, ambaye miaka yote nilikuwa Hajira mtupu bila Mama Fulani mbele yake, sasa nikipita kisimani wanawake wanasema, "Mama Bela huyo, mpisheni achote." Wananitania, lakini wananipisha. Maji ndiyo mateso. Ndoo tatu kwa siku peke yake, na bomba letu hutoa maji siku linapojisikia.

Alipofika mwezi wa tano alikuwa amejaa manyoya kama zulia, mpole, hana habari na mtu. Ulipoingia mwezi wa kumi manyoya yakaanza kunyonyoka kwa mafungu, akawa mkorofi, anapiga kelele kila akisikia punda wa jirani zetu kina Lameck. Na minada ya korosho ikafunguliwa. Nikakumbuka neno lako: msimu ukianza, mpeleke. Msimu ulikuwa umeanza, malori ya Kenta yaliyobeba korosho yanashuka Masasi kila siku, nikaomba nafasi kwenye moja, nikampakia.

Siku mbili za mwanzo dume la Jafari lilikuwa linajitembeza tu kama bwana harusi aliyesahau pete. Siku ya tatu, tarehe kumi ya mwezi huu, Bi Bela akasimama, akainua mkia, akawa anakojoa kidogo kidogo na kufumba na kufumbua huko nyuma. Naona haya kuandika, lakini wewe ndiye fundi wa mambo hayo. Dume lilipanda siku hiyo, na kesho yake, na keshokutwa. Siku ya sita akalifukuza kwa meno. Tumerudi salama.

Mahmudu, nimefurahi. Sijafurahi hivi muda mrefu.

Dada yako,
Hajira

*

Barka
15 Januari 2023

Dada Hajira,

Shikamoo. Natumaini mguu wa Mjomba umepungua. Viatu vya Shamila nitavituma.

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa. Dada, ni nani aliyekwambia msimu wa farasi ni msimu wa korosho? Mimi nilisema msimu. Msimu wa farasi! Kila mtu anayefanya kazi na farasi anajua ni kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa sita. Farasi jike si mbuzi. Macho yake yanapima mchana. Mchana ukirefuka, mwili wake unaamka, anaingia kwenye joto siku tano sita, anatulia, kila baada ya wiki tatu anarudia mpaka ashike mimba. Mchana ukifupika, analala. Novemba, Desemba, Januari majike karibu yote ya huku yamelala, matumbo yamefungwa kama duka la Ijumaa. Wakubwa wakitaka watoto wa mapema tunawasha taa bandani tangu mwanzo wa Desemba, mpaka saa tano usiku, ili jike adhani mchana umerefuka. Mimi ndiye mwasha taa, kwa hiyo najua ninachosema.

Huko kwako hakuna taa wala banda. Kwa hiyo lilichofanya dume la Jafari mwezi wa kumi na moja ni mchezo, hakuna mimba hapo. Usiende kisimani kutangaza. Utatuaibisha.

Mrudishe kwa Jafari mwezi wa nne. Wa nne, dada, nimeandika kwa maneno usije ukasoma vingine.

Mahmudu

*

Makote
2 Mei 2023

Baba Shamila,

Marahaba. Mvua zimekata wiki iliyopita. Mbaazi zimekubali. Mjomba hajambo kidogo, mguu umepungua lakini mdomo haujapungua.

Nilisoma ulichoandika. Sikujibu upesi kwa sababu nilikuwa na hasira, na mama alitufundisha kwamba barua ya hasira hufaa kuwashia moto tu. Kwetu, ukisema msimu, hata mtoto wa chekechea anajua unasema nini. Umekaa huko mpaka umesahau lugha ya nyumbani kwenu, halafu mwenye kosa ni mimi.

Hata hivyo nimetii. Mwezi wa nne nilimshusha Masasi. Bi Bela alipoliona dume alilaza masikio, akageuka, akalipiga teke la kifua ambalo Jafari mwenyewe alilisikia ndani ya nyumba. Tulijaribu siku tano, na kila siku ilikuwa hivyo hivyo. Jafari akaniambia, "Mama, huyu ana mtu tumboni. Usiniulie dume langu." Nilipopita Lukuledi kwa mazishi ya mke wa binamu yetu nilimwomba Veridiana, afisa mifugo wa huko, siku akija Newala anipitie. Amekuja. Amesema yeye ni wa ng'ombe na kuku, farasi hajawahi kumpima, na mkono hatamtia asije akamwumiza. Lakini kwa kumwangalia na kumpapasa, anaona ana mimba.

Mimi sina ujuzi, Mahmudu, ila nina macho. Tumbo limeshuka chini, upande wa kushoto linacheza akinywa maji ya baridi. Mwache. Farasi hubeba miezi kumi na moja, na hesabu yangu inanipeleka mwezi wa kumi. Nakuomba umwache mpaka mwezi wa kumi tu, halafu useme utakalo.

Hajira

*

Barka
25 Juni 2023

Dada,

Salaam. Huku wazima.

Nimemweleza msimamizi wetu hapa, mtu aliyezaliwa zizini. Amecheka. Amesema jike aliyepandishwa Novemba bila taa hana kitu. Tumbo kubwa ni majani na minyoo. Na jike anayepiga teke dume mwezi wa nne, wakati wenzake wote wanalilia, huyo ni tasa, na Mzungu wa Mufindi alijua ndiyo maana akamwuza. Sisi tumeuziwa tasa.

Najua utaumia nikisema hivi. Najua umempenda. Lakini dada, mara nyingine mtu anataka kitu sana mpaka anakiona hata kisipokuwepo. Wewe hasa.

Nimeshamwandikia Mjomba Kurwa. Farasi ashuke Masasi. Kuanzia mwezi wa saba ni sherehe za kuwatoa jandoni wali, watoto waliotahiriwa, na harusi, Jafari ana maombi mengi kuliko farasi. Bi Bela afanye kazi kama wengine. Mpe Mjomba kamba yake, usibishane naye, ni mzee.

Mahmudu

*

Makote
10 Septemba 2023

Mahmudu,

Mjomba Kurwa alikuja na Kenta tarehe nane Julai akiwa na barua yako mkononi. Nilimwambia ana mimba. Akasema, "Mwanangu, mwenye farasi ameandika." Nilimshika mguu, mguu wake huo mbovu, mbele za watu nikamshika. Akaondoka na Bi Bela.

Jafari naye alimwambia, na Jafari ndiye aliyetaka biashara, kwa hiyo ujue jinsi ilivyokuwa wazi. Mjomba akamwonyesha karatasi. Karatasi yako imekuwa kama msahafu.

Wiki saba amefanya kazi. Amebeba mabwana harusi wanene, amebeba wali wawili wawili mgongoni, ngoma mbele, vuvuzela nyuma, baruti pembeni, kutoka asubuhi mpaka alasiri juu ya lami ya Masasi. Tarehe ishirini na sita Agosti, palipokuwa na sherehe ya watoto wa jando karibu na stendi, alisimama katikati ya barabara akakataa kwenda. Wakampiga. Akalala chini. Watoto waliteremshwa, watu wakaanza kupiga picha.

Mimi niliitwa na Jafari kwa simu. Nimefika saa nane mchana. Alikuwa amewekwa nyuma ya nyumba, na mtoto alikuwa ameshatoka.

Nataka ujue alivyokuwa, kwa sababu wewe ulisema hayupo. Alikuwa jike. Rangi ya kahawia, na baka jeupe mguu mmoja wa nyuma. Manyoya yalikuwa yameanza kuota, mafupi, laini kama ya panya buku. Kwato zake zilikuwa na nyamanyama laini kwa chini, kama vidole vilivyolowa, na Veridiana ameniambia wote huzaliwa hivyo ili wasimchane mama yao. Alikuwa amekamilika. Miezi tisa na nusu tangu ile tarehe kumi niliyokuandikia. Bado wiki sita tu. Hakupumua.

Bi Bela alikuwa anamlamba. Tulipomwondoa aliita mpaka sauti ikakauka. Mjomba alikaa juu ya kiroba akavua kofia.

Huyo alikuwa wangu, Mahmudu. Kwa masharti yako mwenyewe, kwa shahidi wako mwenyewe. Minyoo hiyo nimeizika mimi kwa mikono yangu.

Sasa nikwambie jambo la pili, maana nimenyamaza miaka minane. Sadallah alipotaka kuniacha alikuja kwa wazee wetu, na wazee wakasema tumwulize Mahmudu, ndiye mwanaume wa nyumba hii. Wewe ukaandika kutoka hukohuko, ukurasa mmoja: "Kama hazai, tusimfungie mwenzetu njia, arudi nyumbani." Hukuniuliza. Hakuna aliyenipima, wala aliyempima yeye. Sadallah ana mke mwingine mwaka wa saba huu, na nyumba yao haina hata mtoto mmoja. Hilo kila mtu Newala analijua, ila halijaandikwa kwenye karatasi.

Unaniandikia, "Wewe hasa." Nimekuelewa vizuri sana.

Bi Bela yuko kwangu. Nimemrudisha kwa miguu, siku nne, na njiani hakuna aliyethubutu kuniuliza kamba ni ya nani.

Hajira

*

Barka
12 Novemba 2023

Dada yangu Hajira,

Shikamoo. Shikamoo tena. Natumaini mko wazima nyote, na Bi Bela amepata nguvu. Shamila amenipigia simu akilia, amekataa kuzungumza nami zaidi ya dakika moja. Sijui mmemwambia nini.

Pole sana kwa yaliyotokea. Ni mipango ya Mungu, na kazi ya Mungu haina makosa.

Nimezungumza na daktari wa farasi anayekuja hapa, Msudani, mtu msomi. Nilimwambia habari yote. Akaniuliza, "Kwenu ni wapi?" Nikamwambia kusini kabisa, karibu na Msumbiji. Akachukua chungwa akanichorea mstari katikati kwa kalamu. Akaniambia sisi tuko chini ya mstari. Huku mchana unarefuka tangu Januari mpaka Juni, kule kwetu unafupika. Kwetu unaanza kurefuka mwezi wa saba, unazidi mpaka Desemba. Kwa hiyo Oktoba na Novemba za kwetu ni kama Aprili na Mei za huku. Tena akasema kwetu tofauti ya mchana mrefu na mfupi ni ndogo, haifiki hata saa moja na nusu, na jike mwenye chakula kizuri anaweza asilale kabisa mwaka mzima. Kunyonyoka manyoya kulikuwa dalili kwamba ameamka. Na lile teke la mwezi wa nne lilikuwa la jike mwenye mimba.

Kwa hiyo imetokea kwamba msimu wa korosho na msimu wa farasi kwetu vinaangukia pamoja. Ulibahatisha, dada. Mimi nilisema kwa elimu ya huku, na elimu ya huku si ya uongo, ila ilikuwa imepinduka. Hata msimamizi wetu, aliyezaliwa zizini, hakulijua hilo. Mtu angejuaje?

Mambo ya zamani ya Sadallah tuyaache. Nilikuwa kijana, wazee waliniuliza, nilijibu walichotaka kusikia.

Tutazame mbele. Mpeleke kwa Jafari msimu huu huu wa korosho, kabla Desemba haijaisha. Mtoto huyo atakuwa wako. Ule mpango wa kwanza na wa pili tunauanza upya, ni neno langu. Nijulishe kila hatua, dalili zote, nami nitakuwa namwuliza daktari. Nataka nijue kila kitu safari hii.

Mdogo wako mpenzi,
Mahmudu

*

Makote
21 Januari 2024

Mahmudu,

Barua yako imefika juzi. Mvua ni nyingi, barabara ya Masasi ilikatika siku tatu. Mjomba Kurwa anakusalimu, mguu umempunguzia ila hashuki tena kitandani bila fimbo.

Nimeisoma mara tatu nikitafuta neno moja. Umeandika chungwa, umeandika mstari, umeandika saa na nusu saa. Pole umeandika. Pole hata mpita njia humpa mtu aliyejikwaa. Mimi nilikuwa natafuta "nisamehe", nikageuza karatasi nikadhani labda liko nyuma.

Unauliza mtu angejuaje. Mimi nilijua. Sikujua habari ya chungwa, lakini nilimwona farasi anaamka nikamwamini, na nilipouona ujauzito nikausema, nikausema kwako, kwa Mjomba, kwa Jafari. Unaita kubahatisha. Kujua kwa mtu aliyeshika ndoo na kamba kila siku unakuita kubahatisha, na kukosea kwa mtu aliye mbali unakuita elimu iliyopinduka. Sina hasira na hilo tena, nimechoka nalo tu. Lakini hili la Sadallah, kwamba ulijibu walichotaka kusikia, hilo limenikata kuliko yote. Afadhali ungeniambia uliamini kweli kuwa mimi ni tasa.

Sasa habari yenyewe. Mwezi wa kumi na mbili Mjomba aliita watu wa ukoo wetu wa upande wa mama, hapa kwangu, maana alisema hawezi kufa na jambo hili. Alisimama kwa fimbo yake akasema: "Mtoto wa kwanza alikuwa wa Hajira. Aliyemwua ni mimi kwa mkono na Mahmudu kwa kalamu. Mtoto hawezi kurudi, basi mama yake abaki." Akalia, Mahmudu. Mzee yule alilia mbele ya wadogo zake, akaniomba msamaha kwa jina langu. Hakuna aliyepinga. Tangu siku hiyo Bi Bela ni wangu, na watoto wake ni wangu, wa kwanza na wa pili na wa mwisho. Ukitaka kumshtaki mjomba wako, njoo umshtaki mwenyewe, usiandike.

Unaniagiza nimpeleke kwa Jafari kabla Desemba haijaisha. Barua yako imenikuta nimeshamaliza. Nilimpeleka siku nilipoona mwenyewe kuwa yuko tayari, sikumwuliza mtu wala karatasi. Alisimama. Tangu hapo zile wiki tatu zake za kurudia zimepita mara kadhaa, na hajaonyesha kulitaka dume tena.

Tarehe sikutajii. Siku za farasi jike wewe unazijua kuliko mimi, una daktari na una taa. Hesabu unavyoweza. Utakapoona kwa hesabu zako kwamba siku imefika, usipige simu kwa Mjomba, wala kwa Jafari, na Shamila usimtume aniulize, nimeshamwambia asikubali. Wote wamenielewa.

Mtoto akizaliwa, sitakuandikia.

Hajira